Mbwa wa Zahanati Yetu

Mimi ni mtu wa kinyaa, na sioni haya kusema. Sinywi kikombe alichonywea mwingine. Nikiona unywele kwenye wali nasukuma sahani, hata kama ni shughuli ya watu wakubwa na macho yote yananitazama. Nyumbani walinitania kwamba nitaolewa na sabuni. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa akisema pua yangu ilikusudiwa kwa binti wa sultani, ikapotea njia ikaangukia Tabora kwa fundi cherehani. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue anasimuliwa na nani. Wapo ambao habari hii wangeisimulia kwa upole, na mimi nimejaribu mara nyingi, lakini kila nikifika kwenye shimo upole unaniishia.

Mwaka ule nilikuwa kidato cha tatu. Nilikuwa nikiishi kwa dada yangu nje kidogo ya mji, huko ambako lami inakoma ghafla na nyumba za tofali za kuchoma zinachanganyika na mashamba ya mihogo na karanga. Ukiendelea na njia ile ile unakwenda Itetemia. Kata yenyewe sitaitaja. Shemeji yangu alikuwa mnunuzi wa mpunga, akishinda Bukene kwa majuma, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mkono wa kulia wa dada, na wakati ule dada alihitaji mikono yote, kwa sababu alikuwa mjamzito.

Ilikuwa mimba yake ya pili. Ya kwanza alijifungulia nyumbani, mikononi mwa mama mmoja wa jirani. Mtoto hakulia, na dada alivuja damu mpaka godoro likatupwa. Alipopona, muuguzi wa zahanati, mwanamke mfupi aliyesema maneno machache, alimwambia waziwazi: "Ukirudia kuzalia nyumbani, tutakuzika." Dada alikubali kwa kichwa. Sote tulidhani limekwisha.

Shuleni tulikuwa na klabu ya uraia. Mwalimu wetu wa Uraia alikuwa kijana mwenye shati jeupe lisilowahi kukunjamana, anayeamini kwamba mambo yakielezwa vizuri yatatengenezwa. Alitupa kazi: kila kundi lichague huduma moja, liitazame katika sehemu mbili za manispaa ile ile, kisha lieleze tofauti na lipendekeze la kufanya. Wengine walichukua taa za barabarani, wengine magari ya taka. Mimi na rafiki yangu, binti wa mchungaji wa Moraviani, tulichukua huduma ya uzazi. Mwalimu alikohoa kidogo, akasema sawa.

Tulianza na kituo cha afya cha mjini. Nilipenda harufu yake, na hilo nikisema mimi ni jambo kubwa. Sakafu ya vigae ilikuwa imepigwa deki, maji yalitoka bombani kwa nguvu, na kwenye wodi ya wazazi kulikuwa na mapazia. Nyuma, mhudumu mmoja alituonyesha shimo la kondo bila hata kuona ajabu: zege pande zote, mfuniko wa chuma, kufuli, na bomba refu la kutolea hewa. Kondo la nyuma la kila mwanamke aliyezalia pale lilishuka humo na kufunikwa kama mtu anavyofunikwa. Rafiki yangu aliandika. Mimi niliuliza wanaozalia hapa ni akina nani, mhudumu akasema, "Wa humu humu mjini. Wake wa maofisa, walimu, wafanyabiashara. Wa nje ya mji wana zahanati zao."

Kesho yake tulikwenda kwenye zahanati yetu.

Kitanda cha kujifungulia kilikuwa kimechanika mpira, na kwenye mpasuko sifongo ilikuwa imekunywa mambo ya miaka ikawa nyeusi. Bomba lilikuwepo ukutani, zuri, limepakwa rangi, halijawahi kutoa tone. Mzazi alikuja na ndoo zake za maji, na ndugu zake wakichelewa, muuguzi alinawa kwa kilichobaki cha mwenzake aliyetangulia. Choo sitakieleza. Nilitoka nje kupumua, nikazunguka nyuma ya jengo, ndipo nikaona mbwa.

Walikuwa wanne au watano, wamejilaza kwa raha kando ya shimo, wana manyoya yanayong'aa. Mbwa wa kata ile walikuwa wamekonda wote, mbavu nje, isipokuwa hawa. Shimo lilikuwa limefunikwa mbao zilizooza na bati kipande, na upande mmoja udongo umechimbwa kwa kucha mpaka umekuwa njia. Mbwa mmoja akainuka, akateremka humo kichwa chini, akarudi na kitu mdomoni, akaenda kukilia chini ya ukuta wa wodi, chini kabisa ya dirisha. Ndani ya dirisha lile kulikuwa na mwanamke amelala na kichanga cha usiku ule.

Nilitapika. Sioni haya kwa hilo pia. Rafiki yangu alinishika mabega huku naye analia, na muuguzi akatuletea maji ya kusukutua kwenye kikombe chake mwenyewe, nami nikanywa.

"Huwa nawafukuza," alisema. "Lakini nikiwa na mzazi, nitawafukuzaje? Nimesema kwa afisa afya mpaka nimechoka. Ananiambia bajeti."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira za kumwambia dada. Nilidhani nampelekea habari. Alikuwa ameketi kwenye kigoda anapeta karanga, na aliponiona uso tu akasema, "Umeona mbwa." Kumbe alijua. Wanawake wote wa kata walijua. Wengine waliwahonga wahudumu wawape kondo lao kwenye mfuko wa plastiki wakalizike nyumbani, nyuma ya nyumba, kama walivyofanya mama zao. Wengine walifumba macho. Hakuna aliyesema, kwa sababu kondo si neno la kusemwa. Linasemwa na wanawake watu wazima, chumbani, mlango umefungwa.

"Ndiyo maana sitakwenda," alisema dada. "Wa kwanza nilimzika. Huyu nisije nikamzaa halafu nusu yake iliwe na mbwa. Wanasema mbwa akila kondo lako, kizazi kimefungwa."

"Hayo ni maneno tu."

"Hata kama ni maneno. Wewe usiyekunywa kikombe cha mtu, ungekubali?"

Nilimwambia tutakwenda mjini, na kweli siku ya kliniki nilimpandisha bodaboda mpaka kile kituo chenye vigae. Walitazama kadi yake, wakatazama kata iliyoandikwa. "Mama, kata yenu ina zahanati," akasema mhudumu. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni mlango, na hilo ndilo lililonichoma. Tulirudi kwa bodaboda ile ile. Alipofika aliingia chumbani, akatoa wembe mpya na uzi, akaviweka kwenye kikapu pamoja na kanga kuukuu. Nilijua maana yake. Alikuwa anajiandaa kuzaa nyumbani, na muuguzi alikwisha kutuambia kitakachofuata.

Basi kazi ya klabu ikaacha kuwa kazi ya klabu.

Mwalimu alipata nafasi kwenye mkutano wa hadhara wa kata. Diwani angekuwepo, afisa afya angekuwepo, wananchi wote. Tatizo likawa nani atasema, na atasemaje. Mwalimu mwenyewe alikuwa hajaoa. Hakuweza kutamka kondo mbele ya mama zetu. Rafiki yangu alipendekeza tuseme "taka za zahanati". Nilikataa. Ukisema taka watu wataona makaratasi na mabomba ya sindano, wataitikia, wataenda kula. Mimi kusema sikuweza. Mtoto wa shule, binti, mbele ya wazee wa msikiti na wa kanisa? Wangemwita baba aje anichukue.

Bibi, aliyekuwa amekuja kukaa nasi kwa dada kungoja mtoto, ndiye aliyelimaliza. "Afisa afya wenu ni mtu wa wapi?"

"Pwani. Mzaramo."

Alicheka mpaka pengo likaonekana. "Mzaramo, na mimi Mnyamwezi? Huyo ni mtani wangu. Niachieni."

Tulifurahi kama tumepewa ufunguo. Nani asiyejua utani? Babu zetu walibeba mizigo toka hapa Unyanyembe mpaka Pwani, wakafia njiani wakazikwa na Wazaramo, na kwa ajili hiyo mpaka leo Mnyamwezi anaweza kumwambia Mzaramo neno lolote, popote, hata msibani, hata jeneza likiwa begani, na Mzaramo hakasiriki. Mtani peke yake ndiye anayeweza kulitaja lisilotajika. Hata mwalimu, na usomi wake, aliona ni hekima ya wenyeji. Hakuna kati yetu aliyejiuliza mwisho wa utani huwa nini.

Mkutano ulifanyika uwanjani pa shule ya msingi. Meza ilikuwa na kitambaa cha bluu na chupa za maji, za diwani na wageni wake. Diwani alikuwa baba mzazi wa shemeji yangu, yaani baba mkwe wa dada, mzee mrefu wa kanzu na koti, asiyependa kelele. Dada alikaa mbali kabisa, mwisho wa mkeka wa wanawake, ushungi umemfunika mpaka kwenye paji. Mkwe hakai mbele ya mkwewe akimkodolea macho.

Bibi alipopewa nafasi hakusubiri kipaza sauti.

"Mzaramo," alisema, "babu yangu alibeba pembe mpaka kwenu. Mkampa nini? Mkampa dafu lililooza na homa. Leo mmetuletea wewe uje kutulipa. Na kweli umetulipa. Tazameni mbwa wa zahanati walivyonenepa. Watoto wetu mbavu tupu, mbwa mashavu. Mnajua wanakula nini? Wanakula kondo za wake zenu. Na mpishi wao ni huyu hapa, kavaa kofia."

Kwa pumzi moja nilidhani ameweza. Kisha mtu mmoja nyuma akaguna, mwingine akapasuka, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Wazee waliinamia fimbo zao wanacheka. Wanaume waliozalishiwa watoto wao mle walipigana mabega. Afisa afya alicheka kuliko wote, akasimama, akajibu kwa ufundi kabisa.

"Bibi, mbwa wa Kinyamwezi mimi nitampa nini? Nimempa michembe, viazi vyenu vya kukausha, kaitema. Kasema kachoka na chakula cha nyumbani."

Kicheko cha pili kikawa kikubwa zaidi. Bibi akamwendea, akamvua ile kofia, akaivaa juu ya ushungi wake, kama mtani anavyochukua fidia, na watu wakapiga makofi. Mwalimu wetu naye alikuwa anafuta machozi ya kucheka. Mwenyekiti akasema, "Haya, hilo limekwisha, tuendelee na barabara." Tulipokuwa katikati ya habari za barabara mvua ikaja, wakasema yaliyobaki yataendelea Jumamosi.

Nimewahi kuona uchafu mwingi maishani, lakini uwanja ule wa watu wanaocheka ndio ulionichefua hasa. Mbwa hajui anakula nini. Hawa walijua.

Nyumbani nilimvaa bibi. Nilimkuta anajitazama kwenye kioo na kofia yake.

"Bibi, umewachekesha."

"Si mlitaka lisemwe? Limesemwa."

"Na sasa litafanywa nini?"

Alinitazama kwa kunihurumia. "Mjukuu wangu, utani hauna kesi. Neno la mtani likishachekwa na kofia ikishachukuliwa, huwezi tena kumdai mtu. Ukimdai, wewe ndiye mkorofi." Aliivua kofia, akaipangusa vumbi. "Nilidhani mnajua."

Hatukujua. Tulikuwa tumelichukua neno letu zito kuliko yote tukaliweka mahali pa pekee ambapo kwa sheria ya wazee haliwezi kuuma. Na sasa lilikuwa limekwisha kusemwa; tukilirudia tungeonekana wajinga wanaoeleza mzaha. Nilikataa kula kwa hasira. Dada alikuwa amekaa mlangoni muda wote ule akichambua mchele. Mwisho aliuliza jambo moja tu.

"Jumamosi baba atakuwepo?"

"Si baba mkwe wako?" akasema bibi. "Muulize mwenyewe."

"Simuulizi," dada alisema, akaendelea na mchele.

Jumamosi walianza na barabara, wakaja kwenye mbolea ya ruzuku, na watu wakaanza kupiga miayo. Mwenyekiti akauliza kama kuna mengineyo. Nilimwona dada anainuka. Ilimchukua muda kuinuka, tumbo lilikuwa limeshuka tayari, na mama mmoja akamsukuma mgongo. Nilidhani anakwenda msalani. Badala yake alipita katikati ya wanaume, taratibu, mpaka mbele ya meza yenye kitambaa cha bluu, na pale kwenye vumbi akapiga magoti.

"Shikamoo baba," alisema.

Diwani alishtuka. "Marahaba. Mwanangu, kuna nini? Nyanyuka."

Hakunyanyuka. Alikuwa ametazama chini, kama inavyompasa, na sauti yake haikuwa kubwa, lakini watu walikuwa wamenyamaza kiasi kwamba hata mimi nilisikia.

"Baba, mimi ni mkweo. Sijawahi kukutazama usoni, na leo sikutazami. Ninakwenda kuzaa mjukuu wako. Nikizalia nyumbani nitakufa, muuguzi ameshasema. Nikizalia zahanati, kondo langu wataliburuta mbwa chini ya dirisha. Nimewaona wakiburuta la mwenzangu. Wazee wanasema mficha uchi hazai. Mimi nataka kuzaa, baba, ndiyo maana nimeufunua kwako."

Hakuna aliyecheka. Hata wale waliokuwa wamepigana mabega juma lile lililopita walitazama viatu vyao. Mzee mmoja alitamka "Astaghfirullah" chini kwa chini. Mke kumtajia baba wa mume wake kondo, kwa mdomo wake, kadamnasi, ni jambo ambalo pale petu mtu hulisikia limetokea mbali, kwa watu wasiofunzwa. Nilimtafuta bibi kwa macho. Alikuwa amejifunika uso mzima.

Diwani alikuwa amegeuza kichwa pembeni tangu neno lile lilipotoka. Nilimtazama bila kumwonea huruma hata kidogo. Gari lake lilipita mbele ya zahanati ile kila siku ya Mungu. Mabinti zake walizalia mjini, kwenye vigae.

"Mkwe wangu," alisema mwisho, akiuambia mti wa bendera, "mbwa hatafika pale. Nimesema mbele ya watu."

Na ikawa kweli ametikisika, kwa maana kabla ya juma kwisha fundi alikuja. Shimo likachimbuliwa kingo, likajengewa kwa tofali, na mfuniko wa zege ukamwagwa chini kando yake ukauke ndipo uinuliwe. Afisa afya alisimama pale bila kofia akitoa maagizo kama mtu aliyekuwa na mpango huo tangu zamani. Kuhusu maji walisema bado wanafuatilia. Mwalimu wetu alisema darasani kwamba huu ni ushindi wa sauti ya wananchi, na mimi nikainamia dawati nisionekane uso. Wananchi walikuwa na sauti juma zima lililotangulia, wakaitumia kucheka.

Mtoto hakungoja zege. Dada alishikwa uchungu asubuhi, mapema kuliko tulivyotazamia, na mfuniko ulikuwa bado umelala chini ya magunia yaliyolowa. Tulipofika zahanati aliushika mlango kwa mikono miwili akaniambia, "Nenda kwa baba. Mwambie siku imefika na shimo liko wazi."

Nilimkuta diwani anakunywa chai na mkate wa kumimina, amevaa koti tayari, gari limewashwa nje. Alikuwa na kikao mjini. Nilimwamkia, nikamweleza kwa maneno yale yale ya dada, sikuyapunguza makali. Alitazama kikombe. Alitoka nje, akamwambia dereva azime gari. Nilidhani atamtuma kijana wa mifugo. Lakini alikuwa ametamka yeye, mbele ya watu, na watu walikuwa wanasubiri waone. Alichukua fimbo ya kuchungia iliyokuwa imeegemea zizi, akaja kwa miguu nyuma yangu, koti na kanzu na viatu vilivyong'aa.

Alikaa kwenye tofali karibu na shimo, leso puani. Mbwa walikuwepo tayari. Wao huanza kusogea mwanamke anapoanza kulia ndani, wamejifunza. Diwani alimtupia mmoja jiwe, akamkosa, akamwinukia mwingine kwa fimbo. Harufu ilikuwa ile ile. Watu waliokuwa wakipita barabarani walipunguza mwendo, wakatazama, wakaongeza mwendo. Wenzangu wa klabu walikuja wakitokea shule, na rafiki yangu akawapanga kubeba ndoo kutoka kisima cha mbali, kwa sababu maji ya ndoo tulizokuja nazo yalikuwa yamekwisha kabla hata mtoto hajakaribia.

Jua lilipokuwa utosini muuguzi alitoka. "Mtoto wa kike. Mama mzima." Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu ya baraza, mimi nisiyekaa popote bila kupangusa. Muuguzi alipita na beseni lililofunikwa kitambaa, akaelekea nyuma. Diwani alimpisha, akageuza uso, akawa amesimama kati ya beseni na mbwa mpaka kila kitu kikashuka shimoni na mbao zikarudishwa. Kisha akasema "Alhamdulillah," akapangusa kanzu, akatazama saa yake. Akaanza kuondoka.

Ndani kulikuwa na mwanamke mwingine. Alikuwa ameletwa kwa baiskeli toka kwenye mashamba ya tumbaku, hana ndugu pale ila mumewe aliyekuwa anazungukazunguka getini, na mlio wake ulikuwa umebadilika, umekuwa ule wa mwishomwisho. Mbwa walikuwa wameshausikia. Walikuwa wamehama kivuli.

Diwani alipofika usawa wa dirisha la wodi, sauti ya dada ilitoka ndani, nyembamba, imechoka.

"Baba."

Alisimama.

"Bado kuna mwenzangu."

Alitazama getini liliko gari ambalo dereva alikuwa amemletea, akamtazama yule mume wa baiskeli, akanitazama na mimi. Sikushusha macho, ingawa nilifundishwa kushusha. Nilitaka aone ninavyomwona. Mwisho alirudi kwa hatua za mtu aliyevaa viatu vinavyombana, akaketi kwenye tofali, akaweka fimbo juu ya mapaja. Jua lilikuwa kali. Alifungua kifungo cha juu cha koti, akaniita, akaniagiza nimletee maji ya kunywa.

Nilimwambia zahanati haina maji, na haya yaliyomo ndani tumeyabeba kichwani, ni ya wazazi.